Lidwina na Geji Iliyodanganya

Mwaka 1994 barua za kupunguzwa kazi zilipogawanywa katika gereji ya shirika moja la umma pale Songea, Lidwina Komba alipata ya kwake. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka kumi na miwili, mwanamke pekee kati ya mafundi kumi na wanane. Alirudi nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Mshangano, na sanduku la spana. Akalima msimu mmoja, akaona jembe si lake, akaenda mtaa wa Lizaboni kusimamisha nguzo nne na kuezeka mabati.

Kwa miaka miwili watu walimletea mashine za kusaga mahindi na pikipiki za makatekista. Wenye magari walipita mbele ya banda lake wakielekea kwa Pankrasi, fundi mwenye gereji kubwa karibu na stendi. Mama yake alimshauri arudi shambani. Lidwina alimjibu kwamba hata Pankrasi alianza na nguzo nne.

Siku moja ya Oktoba, msimu wa korosho ukiwa umeanza, Landikruza ya dizeli ilisimama mlangoni. Aliyeshuka ni Mzee Swalehe, mfanyabiashara wa Tunduru, mmoja wa wale walioanza kununua korosho wenyewe baada ya biashara kufunguliwa. Lidwina alimpa shikamoo, naye akaeleza shida yake akiwa bado ameshika mlango wa gari.

Gari lilikuwa mtumba kutoka Japani, lenye tabo, ile mashine inayosukuma hewa nyingi ndani ya injini ili ipate nguvu. Alipolinunua Dar es Salaam, fundi mmoja alimshawishi afunge geji ya ziada kwenye dashibodi, ya kuonyesha tabo inasukuma kiasi gani. Aliambiwa mshale ufike kumi gari likipanda mlima. Tangu siku ile haukuwahi kupita nne. Pankrasi aliutazama mshale akasema tabo imekufa, ing'olewe, na nyingine iagizwe. Lakini gereji yake ilikuwa imejaa hadi wiki inayofuata, ndiyo maana mzee akaja hapa. Alitaka mtu wa kuing'oa tu.

Lidwina alifungua boneti akamwomba awashe injini. Alisikiliza mluzi wa tabo, mwembamba na ulionyooka. Moshi haukuwa mweusi. Injini ilipopoa alifungua bomba la hewa, akatikisa kwa vidole kifeni kinachozunguka ndani ya tabo. Hakikucheza, wala hapakuwa na oili iliyovuja. Malori ya shirika yalimfundisha jinsi tabo iliyokufa inavyokuwa, na hii haikufanana nayo.

"Mzee, kabla sijaing'oa," alisema, "niruhusu niipime hiyo geji."

"Geji ni mpya, mwanangu. Kibovu ni tabo."

"Upya wake sijaukataa. Nataka kujua kama inasema kweli."

Swalehe alikubali, shingo upande. Lidwina alikwenda kwa jirani yake Beda, fundi wa pancha, akaazima pampu ya mguu na geji ya kupimia upepo wa tairi. Alichomoa mpira mwembamba uliotoka kwenye injini kwenda dashibodi, akaunganisha geji zote mbili na pampu kwa kiungo chenye midomo mitatu, kisha akakanyaga polepole. Ya Beda ilisoma kumi na mbili. Ya dashibodi ilikwama kwenye nne. Alirudia mara tatu, mzee akiwa ameinama dirishani anatazama mwenyewe.

Basi akaunganisha mpira wa injini na geji ya Beda, akaishika mkononi, wakaondoka pamoja. Kwenye mwinuko wa kuelekea Matogoro alimwambia mzee akanyage mafuta bila huruma. Swalehe hakuwahi kufanya hivyo. Miezi mitatu alikuwa akiliendesha gari kama anabeba mgonjwa, macho kwenye ule mshale. Safari hii alikanyaga. Gari liliruka mlimani na mshale wa geji ya Beda ukapanda: saba, tisa, kumi.

"Alhamdulillahi," alisema Swalehe, na hakupunguza mwendo mpaka juu kabisa.

Geji mbovu aliing'oa Lidwina, tabo ikabaki mahali pake. Mchana uleule mzee aliondoka kwenda Tunduru, na kabla wiki haijaisha wanunuzi wenzake wawili waliegesha magari Lizaboni wakimuulizia yule mama fundi.

Jumamosi alikuja Pankrasi mwenyewe, kwa miguu. Alisalimia vizuri, akazunguka kidogo, mwisho akasema kuna gari limemsumbua siku tatu na hajaelewa linaumwa nini.

"Dada Lidwina, ningeomba uje unisikilizie."

Lidwina alikuwa chini ya gari la mteja. Alijisikia anatabasamu peke yake huko chini, akamwambia avute kigoda, asubiri amalize.