Mwanangu alilia bila sauti, nesi akaniuliza mimi ninakula nini

Wakuu, nawasalimu, na mliotuzidi umri shikamooni. Ninayoandika hapa ni ya kweli, na aibu iliyomo ni yangu mwenyewe.

Naishi kijijini karibu na Chiungutwa, Masasi. Nina mtoto mmoja, Hawa. Nina pia ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Shule sikufika mbali, mengi nimejifunza kwenye simu, na ninachosoma nakiandika kwenye daftari.

Nilipojifungua nililishwa uji na ugali wa makopa, ile mihogo mikavu, kama mzazi yeyote wa kwetu. Wenzangu huacha baada ya siku chache. Mimi nikaendelea miezi mitatu.

Nilisoma mtandaoni kwamba kunde na mbaazi zinampa mtoto gesi. Nikakata. Karanga na korosho zinaleta mzio. Nikakata. Dagaa nikakata kwa kuogopa tu.

Makopa niliyaloweka, nikayasuuza mara nne kwa maji ya kununua (mnaoijua shida ya maji huku mtanicheka), nikayaanika na kuyasaga, kisha nikachekecha unga mara tatu.

Mume wangu alichota kidogo akacheka. "Mama Hawa, huu unga au chaki?"

Nilijisifu moyoni.

Halafu Hawa akabadilika. Akawa ananyonya kidogo na kuachia. Kope zikalegea. Siku moja asubuhi akafungua mdomo kulia, uso umekunjamana, machozi yanatoka, sauti hakuna. Wakuu, hicho kitu simwombei hata adui. Kabla ya saa sita mchana akashikwa na degedege.

Majirani walisema ni jicho la watu. Mimi nilimfunga kifuani, tukapanda bodaboda hadi zahanati.

Nesi pale ni mama wa makamo, tunamwita Mama Chiku. Alimtuliza mtoto kwanza, akapima malaria, hamna. Homa, hamna. Akasema wazi, "Sijui bado." Mimi ninayeona haya kusema sijui, nilishtuka.

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, nyumbani mmevuna nini mwaka huu?"

"Mbaazi, mama. Korosho. Na karanga kidogo."

"Na wewe unakula nini?"

"Ugali wa makopa na uji."

"Mboga?"

"Chai ya rangi, mama."

Akaniangalia. "Sasa hizo mbaazi mmewawekea panya?"

Nikatoa daftari kujitetea. Alisoma kurasa zote kwa utulivu, akalifunga. "Umejitahidi sana. Ila umeosha mpaka chakula chenyewe kimeondoka."

Akampigia simu daktari wa hospitali ya Newala, akamweleza ile sauti iliyopotea na kile ninachokula. Hakutupa barua ya rufaa tu. Alipanda bodaboda ya pili akatufuata mpaka wodini.

Daktari alisema huenda ni upungufu wa vitamini B1, ile iliyomo kwenye mbaazi, kunde na karanga. Mama akiikosa, maziwa nayo yanaikosa, na mishipa ya fahamu ya mtoto inaumia. Hawa akachomwa sindano, mimi nikapewa vidonge. Kesho yake macho yalifunguka, akanyonya kwa nguvu.

Sauti ilichelewa. Siku hizo nilikula mbaazi na kunde huku nalia.

Siku ya tano, namwogesha, maji ya baridi yakamgusa mgongo. Akapiga yowe! Bibi wa kitanda cha pili akalalamika, "Mnyamazishe huyo mtoto jamani!"

Sikumnyamazisha. Nilimwacha alie mpaka achoke mwenyewe.

Sasa Hawa anakaa, anavuta vitu, na kliniki bado wanamfuatilia.

Nilichojifunza: mama anayenyonyesha asijinyime chakula kwa hofu inayotokana na kusoma nusunusu. Na si kila degedege ni hili langu, kwa hiyo mkimbizeni mtoto hospitali, msimpime kwa kusoma uzi wangu huu. Mama Chiku sina cha kumlipa. Daftari langu ukurasa wa kwanza sasa umeandikwa neno moja: Sijui.

Wakuu, kwenu mzazi anakatazwa kula nini? Na wataalamu wa humu, nilipokosea nisahihisheni, sitakasirika.