Eka Nane za Wadhawa Singh

Wadhawa Singh wa kijiji chetu, huku Punjab, India, alikuwa na eka nane kando ya kisima na hakuwa na kingine. Mwaka ule Waingereza walipomkataza mfanyabiashara kununua ardhi ya mkulima, Wadhawa alifurahi, akagawa sukari guru mlango kwa mlango. Alifika mpaka dukani kwa Lala Ganda Mal, mkopeshaji wake wa miaka yote, akamwekea bonge kiganjani.

"Kula, Lala! Shamba langu sasa hulipati hata ulie."

"Nakula. Na wewe ukikwama usinililie."

Msimu wa kupanda ngano, maksai wake mmoja akafa. Akaenda kwa Lala kukopa wa kumnunua mwingine. Lala alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwani nilikuwa nakukopesha wewe, bwana, au shamba? Serikali yako ikukopeshe."

Wadhawa akamwendea Bhaga Singh, mkulima mwenzake mwenye uwezo. Sheria haikumgusa huyo. Mkulima alikuwa huru kununua kwa mkulima. Tena wawili hao walibadilishana vilemba ujanani, na kwetu hao ni ndugu kuliko wa tumbo moja. Bhaga Singh akatoa pesa ya maksai, na karatasi ya kuweka shamba rehani mpaka mavuno. Hivyo ndivyo alivyosema.

Premo, mke wa Wadhawa, akamvuta mumewe pembeni. "Mpe karani aisome kwanza."

"We mwanamke! Nimkague ndugu yangu kama mwizi? Uso nitauweka wapi?"

Akabonyeza dole gumba kwenye karatasi. Hapo ndipo ninapomkasirikia hadi leo. Karatasi za Lala alizisomesha mara mbili mbili. Na Lala, pamoja na ubahili wake wote, alitaka riba tu; kulima hakujui. Bhaga Singh alitaka kisima.

Baada ya mavuno Wadhawa alipeleka pesa. Bhaga Singh akamrudishia kwa upole.

"Za nini, ndugu yangu? Si uliniuzia? We endelea kulima, tutagawana nusu kwa nusu."

Karani wa ardhi akasoma: ni kweli, aliuza. Premo akataka waende kortini.

"Angekuwa Lala, ningemshitaki kesho asubuhi," Wadhawa akasema. "Ndugu sishitaki."

Alilima kwa nusu miaka kumi na mmoja. Alipokufa, Bhaga Singh alilia kuliko sisi sote pale kwenye kuni za kumchomea maiti, na sidhani alikuwa anaigiza. Wiki iliyofuata akaweka mlimaji mwingine, Premo akarudi kwao.