Mama Furaha na Kuku wa Mavuno

Mama yangu, Furaha, aliletwa Mafia na ndoa. Alitoka Masasi akimfuata baba, aliyepata kazi kwenye mashamba ya minazi ya Ngombeni. Baba alipofariki ndugu walimwita arudi bara, naye akakataa. Alisema ameshazoea upepo wa huku. Ukweli ni kwamba alikuwa na watoto wake wa shule ya Jumapili, na hakuona wa kumwachia.

Watoto wenyewe walikuwa wachache siku zote. Kisiwa hiki ni cha Waislamu, na sisi Wakristo wengi ni watu wa kuja: mwalimu, nesi, askari. Mama humfundisha mtoto wa askari Baba Yetu mpaka aijue, kisha barua ya uhamisho inafika, mtoto anapanda boti ya Nyamisati kwenda bara na wazazi wake, na mkeka wa mama unabaki na nafasi. "Shamba langu linatembea," alizoea kusema.

Mwanafunzi mmoja tu hakuhamishwa, binti yangu Anyesi. Huyu alilelewa mgongoni mwa bibi yake huku mama akisuka makuti ya kuuza, na nyimbo za kanisani alizijua kabla hajajua kuvaa kandambili. Mama alimwita mke mwenza, kama bibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

Anyesi alikuwa na kuku kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Alimlea tangu kifaranga, akamfunga uzi mwekundu mguuni, akamwita Bibi Harusi. Bi Shamsa, jirani yetu na shoga wa mama, alipita uani akacheka.

"Bibi harusi gani huyu, shingo kama kanyolewa na mgambo?"

"Kavua shela, Bi Shamsa," Anyesi akajibu. "Joto."

Sikukuu ya Mavuno ilipokaribia, mama aliwaambia watoto walete sadaka iliyo yao wenyewe. Kwetu sadaka za vitu hubarikiwa madhabahuni, na baada ya ibada hunadiwa nje ya kanisa. Anyesi alichagua nazi. Aliiokota mwenyewe, akaifuta vumbi kwa gauni lake, akamletea bibi yake.

"Nazi?" mama alisema. "Mke mwenza, kisiwani hapa hata mbuzi wanakanyaga nazi. Mpe Mungu kile unachokipenda."

Anyesi akatazama uani. "Bibi Harusi?"

"Umesema mwenyewe."

"Nitamwona tena?"

"Mungu hapotezi kitu," mama akajibu, akaendelea kusuka makuti yake.

Hakuinua hata kichwa. Jambo hilo alinisimulia mara nyingi baadaye, kwamba hakuinua hata kichwa.

Jumapili Anyesi aliingia kanisani na kuku kwapani, watu wakacheka, na padri aliyekuwa amekuja kutoka bara akawabariki wote wawili. Kwenye mnada, mwenye kitu akikipenda hukinunua akarudi nacho nyumbani, wala si aibu. Anyesi alilijua hilo. Alisimama karibu na bibi yake akiutazama mkono wake. Mama hakuuinua. Aliona kwamba kumkomboa yule kuku kungemfundisha mtoto kumtolea Mungu kwa mchezo. Mzee mmoja wa kanisa akamnunua, na papo hapo akatukabidhi sisi wa jikoni apikwe, kwa heshima ya padri mgeni.

Tulipika pilau. Mimi ndiye niliyepakua. Kuku walikuwa kadhaa sufuriani na sikuuliza nani ni nani.

Anyesi alikwenda nyuma ya jiko kunawa mikono, akaiona miguu ya kuku imetupwa kwenye majivu. Mmoja ulikuwa na uzi mwekundu. Hakulia. Alirudi, akasimama mbele ya bibi yake aliyekuwa anakula pamoja na wageni.

"Bibi, Mungu amemla?"

Meza nzima ikacheka. Mama naye akacheka, kidogo, kwa kuwa wageni walikuwa wanacheka. Mimi pia.

Jioni, mama alipoanza sala ya nyumbani, Anyesi alikusanya kandambili zake, mwanasesere wake na kikombe chake, akavisukuma chini ya kitanda, akakikalia.

"Unafanya nini?"

"Naficha. Asije akavipenda."

Tangu siku hiyo hakusali. Mama akisema Amina, Anyesi anafunga mdomo. Mama alimnunulia kifaranga kingine, naye akakipeleka kwa Bi Shamsa. "Nileleeni nyie," alimwambia. "Kwenu hamwendi kanisani."

Bi Shamsa alikirudisha ndani ya kanga yake, akakaa kizingitini. "Shoga, sisi pia mbuzi wa Idi tunachinja. Lakini wa kuchinjwa hapewi jina, na mtoto huambiwa mapema mbuzi anakwenda wapi."

"Najua."

"Hukujua. Ungejua ungemwambia."

Mama akakipokea kifaranga. Siku zilizofuata alikonda. Alimwambia katekista atafute mwalimu mwingine, kwamba yeye amewafundisha watoto wa watu na wake amemfungia mlango. Katekista akacheka, akasema watoto husahau. Mama alijua kwamba huyu hasahau, kwa sababu kila jioni alimwona amezikalia kandambili zake.

Jumapili moja alimwita Anyesi mbele ya wenzake, akapiga magoti mkekani ili walingane.

"Nilikwambia Mungu hapotezi kitu. Nilisema vile ili unyamaze. Nilijua kuku wa mnada huchinjwa. Mungu hakunituma nikufiche. Ni mimi. Nakuomba radhi, mjukuu wangu."

Watoto wakatazamana. Walikuwa hawajawahi kuona bibi akimwomba radhi mjukuu.

"Kwa hiyo yeye hakumla?"

"Tulimla sisi."

"Na wewe?"

"Kipapatio."

Mtoto wa nesi akacheka. Anyesi hakucheka. "Sijakusamehe bado," akasema, akarudi kukaa.

"Nitasubiri," mama akasema.

Akasubiri. Hakumlazimisha tena kufumba macho. Kila jioni alisali peke yake kwa sauti, "Bwana, nisamehe, nilitumia jina lako kumnyamazisha mtoto," na Anyesi akasikiliza akiwa pale pale kitandani.

Masika mama alianza kuvimba miguu. Tulimlaza hospitali, na wakatuambia ni moyo. Anyesi alikuja na sare zake za shule. Alivua viatu mlangoni, akaviacha wazi panapopita kila mtu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenza."

Akafumba macho bila kuambiwa. "Mungu, huyu ni bibi yangu. Alikula kipapatio, lakini ameshasema. Mimi sijakupa, kwa hiyo usimchukue. Amina."

"Amina," mama akasema. Machozi yalimshuka mpaka masikioni. "Umenisamehe?"

"Kidogo."

"Kidogo kinatosha."

Alifariki wiki hiyo hiyo. Tulimzika asubuhi, Bi Shamsa na wanawe wakiwa wa kwanza kufika. Tuliporudi nyumbani Anyesi alinivuta kanga. "Nilimwambia sijampa."

Neno la mama lilinijia mdomoni, kwamba Mungu hapotezi kitu. Naliamini, na siku ile ndipo nililihitaji kuliko siku zote. Nikalimeza. Nikasema, "Nilikusikia. Hata mimi nilimwomba. Sijui kwa nini amemchukua. Tumwulize." Tukamwuliza, tukilia wote wawili, na jibu mimi bado sijalipata.

Sasa ninayekaa na watoto mkekani ni mimi, na kila ninapofungua mdomo kuwafundisha naikumbuka sahani niliyoipakua na kicheko nilichocheka. Mavuno ya mwaka huu Anyesi alikuja na nazi, ameifuta vumbi. Yule mzee wa kanisa akaitazama.

"Mjukuu wa mwalimu, mwaka huu nazi tu?"

"Ndiyo aliyoichagua, mzee," nikasema. "Ipokee."

Anyesi hakuiachia. Alinitazama mimi. "Wataifanyaje?"

"Wataivunja. Wataikuna, waipikie mchuzi, waile."

"Hairudi?"

"Hairudi."

Kisha akaipangusa mara moja tena kwa gauni, akamwekea mzee mikononi.