Mistari ya Mkaa kwenye Mayai ya Bibi

Juzi nilipanda bajaji kutoka Chuno hadi Mtawanya kumfuata fundi ambaye amenizungusha wiki tatu kuhusu madirisha yangu. Fundi sikumkuta, kama ilivyo kawaida ya mafundi. Nikiwa nimesimama nje ya geti lake, kuku akaanza kutetea nyuma ya ukuta, ile sauti ya kujisifu ya kuku aliyetoka kutaga sasa hivi. Basi ndugu yangu, mtu mzima mimi, na mkoba wa ofisini begani, miguu ikataka kukimbia. Nilikuwa nimeshainama kuchungulia chini ya geti nilipoukumbuka umri wangu, nikajifanya nafunga kiatu.

Nimekulia huko huko, enzi hizo pakiwa mikorosho na mihogo mitupu, kwa bibi mzaa mama. Kazi ya kuokota mayai ilikuwa yangu tangu nilipoweza kubeba kitu bila kukivunja. Kuku akitetea tu, naacha mchezo. Yai lilikuwa na joto bado, nami sikulipeleka jikoni mpaka niliweke kwanza shavuni nifumbe macho. Bibi alikuwa akinicheka, anasema siku moja nitalala nalo. Asubuhi akichemsha ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu kusini, yai langu hutumbukizwa kwenye chungu kile kile, likatoka na harufu ya udongo na moshi. Kiini chake kilikuwa cha njano iliyokolea kama bizari. Nililila kwa kulidonoa kidogo kidogo na chumvi ili lisiishe, na liliisha vilevile.

Kuku walikuwa wengi, mpaka mdondo ulipopita. Anayeujua ugonjwa huo hahitaji maelezo. Kuku anaamka akisinzia, jioni shingo imepinda, kesho unachimba shimo. Kwa siku nne Bibi alichimba mashimo nyuma ya jiko, na sikumsikia akilalamika, ila aliacha kuimba wakati wa kutwanga. Kwetu alibaki kuku mmoja tu, mwekundu. Kwa jirani yetu, mama mmoja mpole aliyeishi peke yake, alibaki mmoja pia, mweusi wa kishingo, yaani wale wasio na manyoya shingoni.

Mwekundu wetu alitaga mayai tisa, akaanza kuyalalia. Bibi alimtengenezea kiota ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, akatia majivu ya kufukuza utitiri, juu nyasi kavu. Kisha akachukua kipande cha mkaa, akalizungushia kila yai mstari mmoja mwembamba. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya pale. Kuku wa mwenzio hana mipaka, anaweza kuingia akataga kwenye kiota chako wakati kuku wako ametoka kula. Yai lenye mstari ni lako, la kulalia. Lisilo na mstari ni geni, unampelekea mwenyewe likiwa bado na joto.

Na kweli, kuku wa jirani alikipenda kiota chetu. Siku ya kwanza nikakuta yai jeupe lisilo na alama, nikalipeleka. Jirani akalipokea kwa mikono miwili, akanipa muhogo wa kuchoma.

Siku iliyofuata nikalikuta jingine, nikasimama nalo mkononi. Nilimwazia Bibi na mashimo yake. Tisa kwangu yalikuwa machache. Kama yangekuwa kumi, au kumi na tano, ua lingejaa tena na Bibi angeimba. Sikuwaza wizi, nakuambia ukweli, niliwaza kuku. Nikachukua mkaa, nikachora mstari, nikalisukuma yai chini ya tumbo la kuku. Baada ya hapo, kila kuku wa jirani alipotaga, nilikuwa wa kwanza kufika. Nilichora mayai sita.

Jambo ambalo mtoto hajui ni kwamba kuku ana mbawa mbili tu. Mwekundu alijitanua mpaka akawa kama kapigwa pasi, na bado mayai yalichungulia pembeni. Yaliyokuwa nje yalipoa, akiyavuta ndani yanatoka mengine. Jioni moja Bibi alimwinua kutazama. Aliangalia muda mrefu, akamrudisha taratibu, akasema tu, "Kuku ana mzigo huyu." Hakuongeza neno, nikajua nimepona.

Wakati huo jirani alikuwa na shida yake. Kuku wake ameacha kutaga ghafla, au anakula mayai yake mwenyewe, hakuelewa. Alimwambia Bibi pale uani, nami nikiwa napepeta mchele karibu. Bibi akasema, "Labda." Ijumaa moja jirani akapata mgeni, na kwa kuwa kuku asiyetaga hana faida, akamchinja yule mweusi. Kwa wema wake akatuletea bakuli la mchuzi wa nazi. Bibi alikula matonge mawili, akasema tumbo halimpi raha. Mimi nilimaliza bakuli, na mpaka leo naona aibu kukuambia kwamba ulikuwa mtamu.

Wiki tatu zilipotimia vikatoka vifaranga vitatu. Baada ya siku mbili kikatoka cha nne, kinyonge, kinayumba. Kisha kuku akashuka na watoto wake, akayaacha mengine yote. Bibi aliyapanga mayai kumi na moja kwenye ungo, akayatikisa moja moja sikioni. Yote yalikuwa yameharibika. Kati ya yake tisa, yalikuwa yametotolewa matatu. Na kile kifaranga cha nne, kilipokauka, shingo yake ilikuwa tupu, nyekundu, haina hata unyoya mmoja. Jogoo aliyesalia mtaani hakuwa wa kishingo, kwa hiyo shingo ile ilitoka kwa mweusi wa jirani.

Nilianza kulia kabla sijaulizwa. Bibi hakunipiga. Alijifunga kanga, akakiweka kifaranga kile kwenye kiganja, akasema, "Nyanyuka. Twende kwa mwenyewe."

Njiani nilikuwa najiandaa. Nilijua nitashikwa sikio mbele ya jirani, nitaambiwa niseme nilichofanya. Ndivyo watu wazima walivyofanya siku zote. Tukapiga hodi, tukakaribishwa, Bibi akakaa kwenye mkeka. Akakiweka kifaranga katikati.

"Shoga, kuku wako hakuacha kutaga," alisema. "Alikuwa anatagia kwangu. Mtoto kayachora mayai kwa mkaa, kayaweka chini ya kuku wangu."

Jirani alinitazama, kisha akakitazama kifaranga. Nikafungua mdomo niombe radhi, Bibi akaniwekea mkono gotini.

"Sijamaliza. Mstari wangu mimi naujua. Wa mtoto ulikuwa mnene kama kamba. Nimeyaona mayai yako kwa macho yangu, nikamrudishia kuku. Umekuja uani ukaniambia kuku hatagi, nikakujibu labda. Nilitamani, shoga. Nilitamani kuku. Huyu ni mtoto, mimi je?"

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Sikuwahi kumwona Bibi ameinamisha kichwa mbele ya mtu, na nilitamani sana aniseme mimi, anishike hilo sikio, ili ainue uso wake.

"Na mchuzi mkala," jirani akasema mwishowe.

"Tukala," Bibi akajibu.

Jirani hakucheka, wala hakusema yameisha. Alisema ameumia, tena ameumia zaidi kwa lile neno labda. Bibi akakubali kila kitu. Akasema kishingo ni chake, na mwekundu akishamaliza kulea, naye ni wake. Jirani hakukataa. Miezi mitatu baadaye nilimpeleka mwenyewe kwenye tenga, kuku pekee aliyetuachia mdondo, na nyumbani tukakaa muda mrefu bila yai hata moja, mpaka vifaranga vyetu viwili vilipokua. Cha tatu kilichukuliwa na mwewe. Jirani alinuna majuma kadhaa, kisha siku moja akatuma mtu aombe chumvi kwetu, nasi tukajua mlango umefunguka.

Wote wawili wamezikwa Mtawanya sasa, na pale uani pana nyumba ya matofali ya mtu nisiyemjua. Watu wananiambia mayai ya kienyeji yameadimika, nami naitikia, lakini si kweli. Yapo, ukitafuta utayapata hata leo. Nisichokiona tena ni mtu mzima anayeketi chini mbele ya mtoto na kusema nilitamani, nikanyamaza, kosa ni langu. Nina watoto wawili. Wananiona mimi mama asiyekosea, naibu wa mtu fulani ofisini, mwenye jibu la kila kitu. Nimewakosea mara nyingi, na nimewakosea wengine wao wakiona. Kila mara nimetafuta neno la kupita katikati. Na nikilisikiliza vizuri neno lenyewe, ni labda.