Namba Saba Kumi

Mimi ni mtu wa ndani. Malori yanapiga honi barabarani Tunduma, mimi nimekaa na kompyuta yangu na printa, nasubiri kazi zinifuate. Siku hiyo ilinifuata simu ya shangazi kutoka Hasamba. Kikundi chao cha kahawa kilitaka lebo za magunia mia mbili na arobaini, kila gunia na namba yake, ili mwenyewe ajulikane.

Zamani namba nilikuwa naandika moja moja mpaka kidole kinaota sugu. Safari hii nilijua njia: unaandika moja, unaandika mbili, unakamata pembe ya kisanduku kwenye kompyuta unaburuta, namba zinajiongeza zenyewe. Zikajiongeza mpaka ishirini na nne, karatasi ikajaa. Nikajisifu, nikaiambia printa itoe nakala kumi, nikaenda kunywa chai. Ishirini na nne mara kumi si mia mbili na arobaini? Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Mjinga alikuwa mwenye hesabu.

Lebo zikapanda basi, akina mama wakazishonea kwenye magunia, kila mmoja kwake, bila kulinganisha. Siku mnunuzi alipokuja ndipo shangazi akapiga tena.

"Msomi wetu, njoo uone watoto wako. Umezaa mapacha."

Nilifika Hasamba nimechoka hata kabla ya kuanza, maana mimi safari ya Vwawa tu naihesabu kama hija. Gunia moja lilikuwa limesimama peke yake, linanuka ukungu. Namba saba. Na kina mama kumi walikuwa na namba saba.

"Mwenyewe asipojulikana," mnunuzi alisema, "namba saba zote zinabaki. Akijulikana, nafungua na magunia yake mengine."

Nikatoa simu nianze kueleza habari za nakala. Mama mmoja akanikata: "Baba, kaa chini kwanza. Umeshatusaidia vya kutosha."

Wakacheka, lakini hakuna aliyesogelea lile gunia. Kule kila mama anafunga mdomo wa gunia kwa mkono wake. Wa kwanza anaanzia kushoto, mwingine anakaza fundo mara mbili, na wanajuana kwa hayo kama watu wanavyojuana kwa mwendo. Niliona macho yao yakiupitia ule mshono, kisha yakiangalia chini. Walikuwa wanajua. Mimi peke yangu, mwenye kidato cha nne, sikujua.

Shangazi akafunga kitenge vizuri, akainuka.

"Mshono wangu huo. Nililiegemeza ukutani, ukuta ukavuja. Fungua na yale manne."

Mnunuzi akafungua. Matatu yalikuwa mazima. La nne akalisukuma pembeni, likaungane na mwenzake. Namba saba tisa zilizobaki zikapanda gari.

Jioni ile tulikuwa bado uani kwa shangazi, tunachambua punje za magunia mawili juu ya mkeka, mgongo unaniuma.

"Shangazi, nisamehe."

"Ukungu si wako," alisema, akinisogezea rundo jingine. "Wewe chambua. Na usiziandike namba."