Mistari ya Nyoka wa Bigo

Usiponiamini sitakulaumu. Mimi mwenyewe nilikaa mwaka mzima bila kumwambia mtu. Lakini jambo hili lilinipata mimi, mchana kweupe, hapa hapa Bunia, mtaa wa Bigo.

Nilikuwa mjane niliyetoka Butembo, sina ndugu hapa, nikilinda nyumba ya mwalimu mmoja mgeni. Alipokwenda kwao likizo aliniachia nyoka wake wa kufugwa ndani ya sanduku la kioo. Hana sumu, mweusi, mwenye pete nyeupe toka shingoni hadi mkiani. Aliniachia pia kitabu cha picha za nyoka wa aina hiyo. Kwa kukosa mtu wa kuzungumza naye, nilikipekua kila siku. Wengine wana pete, wengine mstari mmoja mgongoni, wengine weupe kabisa wenye macho mekundu. Mwalimu alinieleza kwamba rangi hufifia nyoka akikaribia kujivua gamba, lakini michoro aliyozaliwa nayo atakufa nayo.

Jumapili moja nimetoka kanisani, mvua inanyesha, nikamwona mama mmoja amesimama barazani. Wa rika langu, kitenge kimelowa. Alisema ametoka upande wa Kasenyi, amesikia kuna nyoka. Weye ungemfukuza? Mimi nilifurahi tu kusikia mtu ananiita dada.

Nikamkaribisha ndani. Alikaa, akafungua kitabu, akanifundisha kuliko mwalimu: kwamba mayai ya mama mmoja huweza kutoa mwenye pete na mwenye mstari, na yule mweupe amekosa tu weusi mwilini. Kidole chake kikatulia juu ya mwenye mstari.

"Huyu iko peke yake sana," akasema. "Sawa na weye. Unapenda nibakie?"

Nikamjibu, "Bakia, dada."

Nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu, kimelowa. Lango lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu tangu nilipolifunga nikitoka kanisani. Nikatazama sanduku. Kifuniko kimefungwa vilevile, lakini pete hazikuwepo. Mstari mmoja mweupe ulishuka mgongoni, toka kichwani hadi mkiani, na nyoka alikuwa ananitazama.

Mwalimu aliporudi alimchunguza muda mrefu, kisha akasema kwa upole kwamba huyo si wake. Alidhani wake nimempoteza, nikatafuta mwingine. Lakini nani anauza nyoka wa namna hiyo Bunia? Akaniachia sanduku na nyoka, akaniachisha na kazi.

Sasa naishi naye katika chumba cha kupanga. Wamama wa kanisa walikuja kunipa pole, wakamwona, wakaacha kuja. Nikizungumza, anainua kichwa, nikinyamaza, anakilaza. Mara mbili nimempeleka porini, njia ya Irumu, na mara zote mbili nimerudi naye, kwa sababu niliogopa ukimya wa kile chumba.

Basi weye unayekaa peke yako, mgeni akikuuliza kama abakie, muulize kwanza jina lake. Mimi sikuuliza. Leo sijui nimwite jina gani ili nimwambie aende.