Mgeni wa Chumba 6114

Emmaculate Ajwang alitandika vitanda vya watu baharini kwa miaka kumi na mmoja. Sita alifanya katika kampuni ya kwanza, yenye meli za ghorofa kumi na sita na wageni walioanza pombe kabla ya chai. Mitano alifanya katika ya pili, ambako wageni walikuwa wazee wakimya waliojua idadi ya mito yao. Kila baada ya miezi tisa alirudi nyumbani Mugutha, akakuta binti yake Lynn ameongeza kimo na mume wake Odongo ameongeza kitambi, akakaa miezi miwili, akaondoka tena.

Mwaka juzi mgongo ulimwambia basi. Wakati huo alikuwa ameshajenga nyumba nne za kupangisha kule Murera, Lynn alikuwa anamalizia chuo, na Odongo bado alikuwa kwenye mashine yake katika kiwanda cha nguo Thika. Sababu ya kurudi majini haikuwepo tena, ila moja tu: kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulaza mwili kwenye kiti cha kando ya bwawa la kuogelea, wala kupanda lifti ya wageni bila kuulizwa anaenda kufanya nini. Aliapa atasafiri mara moja, na safari hiyo atatandikiwa yeye.

Kampuni zote mbili zilikuwa na bei nafuu kwa wafanyakazi wa zamani. Lynn hakuelewa kwa nini mama yake hazitaki.

"Si uende tu na wale wako wa kwanza, mum? Unawajua."

"Ndiyo shida. Nao wananijua."

Alikuwa na hakika ya mambo. Kwenye meli za kwanza angekutana na Mbuvi, supavaiza wake wa zamani kutoka Machakos, naye Mbuvi angemkumbatia, ampe soda, kisha aseme, "Emma, na vile uko hapa, hebu nisaidie na ghorofa ya tisa." Kwenye zile za pili angejikuta amekaa jikoni na wenzake akiwasikiliza wakilia, kama ambavyo na yeye aliwahi kusikilizwa. Kwa hivyo akachagua kampuni ya tatu, ndogo, ambayo alikuwa ameiona tu kwenye simu, yenye safari ya siku saba kutoka Durban kupanda hadi Msumbiji na kurudi.

Odongo alikataa kumsindikiza. Alizaliwa hatua chache kutoka ziwani, lakini alisema maji yanayomtosha ni ya kuoga.

Hivyo Ajwang akapanda meli peke yake, na kofia mpya. Alipofungua chumba 6114, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupiga magoti na kuangalia chini ya kitanda. La pili lilikuwa kupitisha kidole juu ya fremu ya kioo. Halafu akajikumbusha kwamba amekuja kupumzika, akalala.

Asubuhi aliamka saa kumi na moja bila kengele. Akatandika kitanda, akapangusa sinki, akakunja taulo, akakaa kwenye kiti mikono mapajani akingoja mlango ugongwe. Ulipogongwa, aliyeingia alikuwa msichana mrefu mwenye beji kifuani. Beji za meli huandikwa jina na nchi. Hii iliandikwa Naliaka, Kenya.

"Good morning, madam."

"Madam ni nani? Wewe ni wa Kenya wapi?"

Msichana alishtuka. "Bungoma. Lakini nakaa Witeithie."

"Witeithie! Mimi ni wa Mugutha, hapo jirani tu!"

Wakashikana mikono wakacheka kama watu waliopoteana sokoni. Kisha Naliaka akatazama nyuma ya Ajwang, na kicheko kikaisha.

"Anti, nani amefanya hii room?"

"Mimi. Nimekupunguzia kazi."

"Anti, naomba kitu kimoja. Usinisaidie." Akaenda akavuta shuka lote. "Hizi kona zako si za kampuni hii. Supavaiza akipita atajua si mimi nimetandika, na ataniuliza nilikuwa wapi."

Ajwang aliona aibu, akaahidi kuwa mgeni. Siku ya kwanza ilikuwa ngumu. Kikombe chake alikirudisha mwenyewe hadi mlango wa jikoni. Mhudumu alipopita na trei, Ajwang alisimama kumpisha. Siku ya pili alifanikiwa kukaa kando ya bwawa kwa saa nzima bila kuokota taulo la mtu. Siku ya tatu akaanza kuizoea kazi hiyo. Aliletewa chai, akaionja, akairudisha kwa sababu haikuwa ya moto vya kutosha. Akaomba mto mwingine, kisha mwingine ambao si laini kama ule. Mchana alijikuta ameinua kidole kumwita mhudumu, bila kugeuza shingo. Kama angemwona mtu mwingine akifanya hivyo, angemsonya.

Jioni hiyo kukaletwa fomu ya maoni. Ajwang akavaa miwani. Hii ilikuwa kazi anayoijua, na alitaka kuifanya kwa haki. Kulikuwa na vumbi kidogo juu ya fremu ya kioo, mahali ambapo hakuna mgeni duniani huangalia. Tembo aliyekunjwa kwa taulo na kuachwa kitandani alikuwa na sikio moja, akafanana zaidi na panya. Lakini msichana alikuwa mchangamfu, na wa nyumbani. Akampa nane kwa kumi, akaongeza kwa mwandiko mzuri kwamba ana bidii na atafika mbali. Alilala akijua amemsaidia, maana kwa haki kabisa kazi ile ilistahili saba.

Kesho yake Naliaka aliingia na macho mekundu.

"Anti, nilikukosea wapi?"

"Kunikosea? Si nimekusifu!"

"Umenipa nane. Chini ya tisa unaitwa ofisini. Nimeandikiwa onyo." Alisema akipanguza meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Kwani huko kwa kampuni zako ilikuwaje?"

Ajwang alikumbuka vizuri sana ilivyokuwa. Mwaka wake wa pili baharini, ajuza mmoja wa Kimarekani alimpa nane na kuandika kwamba yeye ni malaika. Ajwang alilia kwenye stoo ya mashuka hadi akatapika, na kwa miaka tisa iliyofuata akamtaja ajuza yule kila alipotaka kueleza maana ya roho mbaya.

Alivaa viatu akashuka mapokezi. Dada wa mapokezi alimsikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, kama wanavyofundishwa.

"Ni kuhusu msichana wa chumba changu," Ajwang alianza kwa Kiingereza.

"Oh, tunasikitika sana, madam." Vidole vilikuwa vimeshaanza kuandika. Kila Ajwang alivyojaribu kueleza, ndivyo dada yule alivyozidi kusikitika. Saa tisa kikapu cha matunda kikaletwa 6114 kumwomba radhi. Aliyekileta alikuwa Naliaka.

Ajwang akashuka tena. Akasema hataki matunda, anataka ijulikane kwamba msichana hana kosa. "Wewe una moyo mzuri sana, madam," dada alimwambia kwa upole, "lakini huna haja ya kumfichia kosa lake." Jioni ikaja chupa ya mvinyo. Ajwang ni Msabato.

"Anti, nakuomba kwa jina la Yesu, usirudi kule," Naliaka alisema, chupa mkononi. "Ukirudi mara ya tatu, nitamwaga unga."

Usiku huo Ajwang aliwaza. Alikuwa ameenda pale kama mfanyakazi anayemwombea mwenzake, kwa sauti ya chini na mikono mbele, na sauti hiyo hakuna anayeisikia mapokezi. Lakini yeye alikuwa amewasikiliza wageni kwa miaka kumi na mmoja. Alijua wanavyopata wanachotaka.

Asubuhi alivaa kofia. Akaitua chupa kwenye kaunta ikalia ko! Akasema ataongea na mkuu wa vyumba na si mtu mwingine, na kwamba atangoja hapo hapo, kwa sauti. Mkuu wa vyumba akaja mbio akifunga kifungo cha koti.

"Bwana," Ajwang alisema, "mimi nimekuwa na kampuni mbili kubwa kwa miaka kumi na mmoja. Nimeona vyumba vingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Huyu Naliaka ndiye bora niliyewahi kukutana naye, na nyinyi mmemwandikia onyo."

Isipokuwa hilo la kuwa bora, kila neno lilikuwa la kweli. Mkuu wa vyumba alimtazama kwa heshima mpya. Alidhani anaongea na mteja aliyesafiri miaka kumi na mmoja, na Ajwang hakuona haja ya kumsahihisha.

"Na ni nini kilikufanya uwaache, utujaribu sisi?"

"Nilitaka mahali ambapo sijulikani."

Mkuu akaliandika hilo kwenye daftari, akatikisa kichwa kama aliyepata siri ya biashara. Onyo likafutwa, barua ya pongezi ikaahidiwa. Kuna lingine angependa?

"Kesho tunatia nanga Maputo. Huyo msichana apewe mchana mzima wa kupumzika. Kama haiwezekani, mimi nitarudi kwa wale niliowazoea."

Iliwezekana.

Wafanyakazi hawaruhusiwi kutembea na wageni, kwa hivyo walikutana nje ya geti la bandari kama watu wasiojuana. Ajwang alikuwa amepanga kila kitu: stesheni ya zamani ya treni, soko la vitambaa, kisha picha ufukweni. Wakaanza na kuku wa kuchoma wa pilipili katika kibanda chenye viti vya plastiki. Naliaka alimaliza sahani yake, akamaliza na ya Ajwang, akavua viatu, akaegemeza kichwa ukutani na kusema, "Anti, dakika tano tu."

Alilala kwa saa mbili na nusu. Mwenye kibanda alipokuja kusafisha meza, Ajwang aliweka kidole mdomoni, akaagiza soda nyingine ili wasifukuzwe. Hakuona stesheni wala soko. Aliwafukuza nzi kwa menyu, akatazama miguu ya yule msichana ilivyovimba kwenye vifundo, akaikumbuka yake.

Alirudi melini akakuta 6114 haijaguswa, maana wa kuigusa alikuwa amepewa mapumziko. Alitandika mwenyewe, akizikunja kona kama kampuni hii inavyotaka. Zilimtoka vizuri mara ya tatu.

Nyumbani Mugutha alilala siku mbili. "Si ulisema unaenda kupumzika?" Odongo aliuliza, akiweka sufuria ya ugali mezani mwenyewe, jambo ambalo Lynn alilipiga picha.

Kampuni zile mbili, baada ya miaka kumi na mmoja, zilimwandikia barua moja tu, ya kumkumbusha arudishe yunifomu. Hii ya tatu humwandikia kila Ijumaa: Mpendwa Emmaculate, tumekukosa. Waliandika pia kumwomba maoni ya safari nzima. Akajaza kumi kila mahali, hata kwenye kasino, ambayo hakuwahi kuingia.

Mwezi uliopita Naliaka alimtumia ujumbe wa sauti. Kwa sababu ya ile barua ya pongezi, alipandishwa hadi vyumba vikubwa vya ghorofa ya juu, vya wageni matajiri kabisa. Mmoja wao hutaka maua yabadilishwe mara tatu kwa siku, na mbwa wake apigiwe pasi blanketi.

"Asante sana, anti," sauti ilisema, ikihema kama ya mtu anayepanda ngazi. "Lakini si ungewaambia tu mimi ni wa kawaida."